Siku Gari la Bibi Harusi Lilipogeuka Msamvu

Jamani, kuna watu hapa Morogoro mpaka leo wakikutana na mimi wananinusa kwanza ndipo wanisalimie, na siwalaumu, maana video waliyoiona wameiona kweli, na yule kijana wa suti ya kijivu aliyesimama katikati ya kipilefti, ule mzunguko wa barabara wa Msamvu, huku kipande cha fenesi kinaning'inia sikioni ni mimi Beno mwenyewe, wala hakuna aliyeniigiza. Nilikaa muda mrefu nikiomba watu wasahau. Hawakusahau. Basi nimeamua kuusimulia mkasa wangu kwa mdomo wangu, kwa sababu nimechoka kuusikia ukisimuliwa vibaya (wapo wanaosema nilikuwa nimelewa, na laiti ningekuwa nimelewa, mlevi angalau ana cha kusingizia).

Ilikuwa harusi ya mdogo wangu Skolastika, sisi nyumbani tunamwita Skola. Mama yetu alijaliwa watoto wawili tu, mimi na yeye, akafariki tukiwa bado shule ya msingi, na aliyetulea ni kaka yake wa pekee, Mjomba Gaudensi, mkulima wa Kinole kule milimani, mtu wa ndizi, mafenesi, pilipili manga na rozari. Na kwetu Waluguru mnajua, mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mgeni mwalikwa, mjomba ndiye mwenye neno. Skola alishaiambia kamati ya harusi mapema kabisa, "Mjomba asiponishika mkono kuniingiza kanisani, mimi siingii." Na aliyepewa dhamana ya kuhakikisha mjomba na bibi harusi wanafika kanisani salama, wote wawili, ni kaka mtu, yaani mimi.

Sasa gari. Bosi wa shemeji yetu, yaani bwana harusi, mtu wa Dar, alijitolea gari lake limbebe bibi harusi, na nisiwadanganye, nilipoliona mara ya kwanza nilisahau hata kumsalimia mwenyewe. Gari la spoti la milango miwili, jekundu lililokolea, limelala chini kiasi kwamba ukisimama kando yake paa linakuishia kifuani, na injini yake ikiwashwa unaisikia tumboni kabla ya masikioni. Mimi kazi yangu ni kuendesha kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, napakia nyanya na kabichi za milimani kupeleka sokoni, na kirikuu changu kikipanda kilima unaweza kushuka ukakisindikiza kwa miguu mkawa mnaongea. Leo ufunguo wa mnyama yule uko kiganjani mwangu! Nililizunguka na kulizunguka, nikaogopa hata kuliegemea.

Bosi hakunipa ufunguo hivi hivi. Alinipeleka kwenye uwanja mmoja mtupu, mvua ilikuwa imenyesha usiku, ardhi imelowa, akaniweka kwenye usukani akaniambia, "Kata kona, halafu kanyaga mafuta."

"Si tutateleza, bosi?"

"Kanyaga tu."

Nikakanyaga huku nimefumba jicho moja. Gari likatetemeka kidogo, kwenye dashibodi ikakonyeza taa ndogo ya njano, ina picha ya gari linaloteleza, halafu gari likafuata kona yake kwa adabu kana kwamba mimi ni dereva mzuri. Nikafumbua lile jicho. Nikamwangalia bosi, bosi anacheka.

"Umeona? Kila tairi ina kipimo chake," akasema. "Gari inausikiliza usukani kujua wewe unataka kwenda wapi, halafu inajiangalia yenyewe inaelekea wapi. Ikiona haviendani, inashika breki ya tairi moja tu, ile inayotakiwa, na inapunguza nguvu ya injini. Yote hayo hujapepesa jicho. Taa ikikonyeza ujue umeokolewa, basi punguza mwendo, usiseme umeweza wewe."

Nikabaki mdomo wazi. Akaendelea, sasa bila kucheka, "Lakini si muujiza. Ukienda kasi kuliko barabara inavyoruhusu, inashindwa kama wewe utakavyoshindwa. Na hii switchi hapa ndiyo ya kuizima. Ukiigusa mara moja inazima kidogo, ukiishikilia inazima yote. Ikizimwa yote, hapa ndani unabaki wewe na Mungu wako. Sawa?"

"Sawa bosi," nikajibu, na nilimaanisha, naapa nilimaanisha.

Siku yenyewe ya harusi asubuhi mambo yote yalikuwa yamepangwa. Ilikuwepo gari aina ya Noah ya kumfuata Mjomba kwenye njia panda ya Kinole, yeye angeshuka mpaka pale kwa bodaboda, na gari la spoti lilitakiwa likae nyumbani Kilakala, limeoshwa, limefungwa riboni, lisubiri bibi harusi. Dereva wa Noah akapiga simu kwamba amechelewa kidogo, yupo anabadilisha tairi. Kidogo tu jamani! Muda ulikuwepo. Mtu mwenye akili angekaa akanywa chai. Lakini mimi nikaliangalia lile gari linavyong'aa, nikajiona nafika nalo njia panda, watu wa kule wanaonijua na kirikuu changu wote wanatoka kuniangalia, nikasema kwa sauti ya mtu anayejitolea, "Basi acheni, Mjomba nitamfuata mimi." Kamati ikanishukuru. Ubaya wote uliingilia mlango huo.

Njiani ndipo nilipoonja. Nimetoka Kilakala, nimepita Bigwa, manyunyu yanadondoka, lami inang'aa, na mkono wa kulia Uluguru imejifunika mawingu nusu, chini yake kijani kibichi mpaka macho yanauma, na vijito vyeupe vinateremka kwenye mawe kwa sababu ya mvua ya usiku. Barabara ile naipita kila wiki na mizigo, nikidhani naijua. Siku ile nilikuwa nimekaa chini karibu na barabara, kioo kikubwa mbele, na milima ikawa inaniinamia, nikajiona mdogo, mdogo kabisa, na nikafurahi kuwa mdogo. Sasa kwenye kona moja niliingia na mwendo uliozidi kidogo. Nikausikia mkia wa gari unaaga. Kabla sijamaliza kusema "Yesu", taa ya njano ikakonyeza mara mbili tatu, kitu kikagugumia huko chini upande mmoja, na gari likanyooka, likaendelea zake.

Nilisisimka mwili mzima. Nikajikuta nimesema "asante" kwa sauti, peke yangu ndani ya gari. Nilikuwa namshukuru nani hata sijui. Kuna watu mahali fulani duniani, hawanijui wala sitawajua, walikaa wakafikiria kwamba siku moja atatokea Beno, ataingia kona na ujinga wake, na wakamwandalia mkono wa kumshika. Nikapunguza mwendo kama nilivyofundishwa, na mpaka njia panda niliendesha kama nimebeba mayai.

Mjomba nilimkuta anasubiri kwenye kibanda cha mama mmoja muuza chai, amevaa koti lake la Pasaka na kofia, viatu amevifuta udongo kwa jani la mgomba. Nikashuka, nikainama, "Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mwanangu." Akaliangalia gari. Akaliangalia tena. "Hili ndilo limekula hela zote likakosa milango ya nyuma?"

Watu wakacheka, na walikuwa wengi, wametoka wote kama nilivyotamani. Pembeni ya Mjomba kulikuwa na mkungu wa ndizi, mfuko wa mdalasini na pilipili manga, na mafenesi mawili makubwa yaliyoiva mpaka yananukia barabara nzima. Nikamwambia Mjomba, hii ni gari ya bibi harusi, haibebi mafenesi. Akaniuliza kwa upole, "Na bibi harusi aende kwa wakwe mikono mitupu, waseme hana kwao?" Basi nikapakia. Buti la gari lile ni dogo kama kabati la vyombo, likameza mkungu, mfuko na fenesi moja, la pili Mjomba akaingia nalo kiti cha nyuma akalipakata.

Wakati wa kugeuza gari nikaliingiza tairi la nyuma kwenye tope la kando ya lami. Nikikanyaga mafuta, injini inajizuia yenyewe, taa inakonyeza, inakonyeza, gari halitoki. Mjomba akachungulia kutoka nyuma, "Hiyo taa inakonyeza nini?"

Nikamweleza yote, vipimo vya tairi, usukani, breki ya tairi moja, na ile kona iliyotaka kunimaliza. Mjomba aliiangalia ile taa kwa heshima kabisa. Halafu akasema, "Yaani inajua ulikotaka kwenda, na inajua unakwenda siko, inakurudisha?"

"Ndiyo Mjomba."

"Laiti binadamu nao wangepewa taa kama hiyo," akasema, akavua kofia.

Sasa, kwetu sisi madereva wa mizigo ya milimani kuna elimu moja ya kijiweni, hata asiyewahi kuendesha gari la kisasa anayo: likinasa kwenye tope, zima ile switchi ya kuteleza. Na ni kweli, kwa sababu kwenye tope tairi linatakiwa lizunguke lijichimbie njia, na ule mfumo ukiona tairi linazunguka bure unalizuia. Nikaishikilia switchi mpaka taa ya njano ikaacha kukonyeza, ikawaka moja kwa moja. Vijana wakasukuma, nikakanyaga, gari likanguruma ngurumo ambayo sikuwahi kuisikia, tope likaruka likawapaka waliosukuma mpaka kwenye kope, na tukachomoka. Wale waliopakwa tope ndio walioshangilia zaidi! "Beno! Beno! Dereva!"

Nataka mnielewe vizuri hapa. Kuizima pale halikuwa kosa. Kosa ni kwamba nilipofika kwenye lami kidole changu kilitakiwa kirudi palepale kuiwasha, na hakikurudi. Wala sikusahau (hilo ndilo linaloniuma). Niliiangalia. Masikioni mwangu bado ilikuwepo ile ngurumo na jina langu, nikaona nikiiwasha gari litarudi kuwa la bosi, na kwa dakika zile lilikuwa langu. Nikajisemea nitaiwasha mbele kidogo. Mjomba akasema huku nyuma, "Sasa haikonyezi, inatukodolea." Nikamjibu, "Imepumzika Mjomba." Mungu anisamehe. Niliteremka polepole kwa sababu yeye alikuwa ameshatoa rozari, na ukimwendesha mtu anayesali nyuma yako huwezi kukimbia.

Kilakala tulipokelewa kwa vigelegele. Bosi alinieleza baadaye kwamba kama ningezima injini tu na kuiwasha tena, mfumo ule ungerudi wenyewe, ndivyo gari lake lilivyotengenezwa. Lakini unazimaje injini majirani wanasikiliza? Nililiacha getini linaunguruma, nikashuka kumfungulia mlango bibi harusi. Na Skola akatoka. Jamani. Mtoto niliyekuwa namfunga kamba za viatu, amevaa gauni jeupe, ana uso wa mama mtupu, mpaka Mjomba alikohoa akageukia ukuta. Kwa sababu ya gauni ilibidi Skola akae mbele pembeni yangu, na Mjomba arudi nyuma na fenesi lake, alikataa katakata kuliacha, eti watoto watalimaliza kabla halijafika kwa wakwe.

Msafara wa harusi Morogoro hauendi kanisani moja kwa moja kama msafara wa ofisini. Lazima mji ujue. Mbele inatangulia pikapu ya matarumbeta, wapulizaji wamesimama nyuma, inafuata gari ya bibi harusi, halafu magari mengine na honi zao, na mkifika Msamvu mnakizunguka kipilefti, mnakizunguka tena, wasafiri wa mabasi wanachungulia, bodaboda zinajiunga, ndipo mnaelekea kanisani. Nimekizunguka mara nyingi na kirikuu nikiwa nimebeba madumu ya maji ya sherehe za watu, hakuna aliyewahi kunitazama. Siku ile wote walinitazama mimi. Mzunguko wa kwanza nilikwenda taratibu, nikapunga mkono kama mheshimiwa. Wa pili simu zikatoka mifukoni, vijana wa stendi wakaanza kupiga kelele, "Iache ilie! Broo, iache ilie!"

"Kaka, taratibu," Skola akasema, anatabasamu lakini ameshika mlango.

"Usijali," nikamwambia.

Lami pale ilikuwa na ule unyevu mbaya wa manyunyu yaliyochanganyika na mafuta ya malori. Nikashusha gia, nikakata usukani, nikakanyaga.

Sijui niwaelezeje ukimya ule. Injini ilipiga kelele, watu walipiga kelele, lakini mimi nilisikia kimya. Mkia wa gari uliondoka, nikasubiri ule mkono unishike, nikasubiri, na hakukuwa na mtu. Nikaachia mafuta ghafla, nikakanyaga breki, makosa yote kwa pamoja, na gari likaanza kuzunguka lenyewe kama pia. Na kwenye kioo nikaiona Uluguru inapita. Milima yote, na mawingu yake, imetulia kabisa, inapita mbele yangu kutoka kulia kwenda kushoto, zikafuata nyuso za watu na midomo wazi, mabasi, anga, halafu ikapita tena Uluguru. Nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili na haukuwa na maana yoyote, ningeweza kuwa nimeshika sahani. Sijawahi kuona kitu kikubwa kama vile nilivyoona pale, yaani uzito wa gari na watu ndani yake ukiamua wenyewe pa kwenda, na mimi siulizwi. Nilistaajabu kabla sijaogopa, nawaambia ukweli.

Tairi za nyuma zikapanda ukingo wa kipilefti, zikatua kwenye maua, gari likasimama, pua iko barabarani. Na hapo mbele yetu, upande wa mlango wa Skola, lilikuwa linakuja lori la semi. Dereva wake alishatuona. Lile lori liliinama mbele, likalia breki, likahema ule upepo wake, pshhhh, likasimama karibu kiasi kwamba Skola angeteremsha kioo angeligusa. Dereva wa lori alikuwa ametulia juu kule ameshika kifua. Tukaangaliana. Wala hakunitukana, na mpaka leo natamani angenitukana.

Matarumbeta yalikuwa yameshanyamaza, isipokuwa mpulizaji mmoja aliyekuwa amefumba macho kwa utamu wa wimbo, yeye aliendelea peke yake mpaka mwenzake akamgusa bega. Ndipo nikasikia harufu. Fenesi la Mjomba lilipaa kutoka mapajani mwake, likapiga kiti changu kwa nyuma, likapasukia kichwani mwangu. Lingekosa njia kidogo lingempiga Skola. Utomvu ulinishika nywele, kola, nyusi, na zile nyama za njano zimeniingia mpaka ndani ya shati, na gauni la Skola, kwa huruma ya Mungu, halikupata hata tone.

"Mjomba," Skola aliita bila kugeuka. "Uko mzima?"

"Niko mzima mwanangu. Wewe?"

"Mimi mzima."

Mimi hawakuniuliza. Skola alifungua mlango, akavua viatu, akakusanya gauni, akamsaidia Mjomba kutoka. Mjomba alimwegemea begani, rozari ingali mkononi, na yeye ni mtu anayeshuka miteremko ya Kinole na magunia. Nilipotoka na mimi kutaka kusema kitu, Skola aliniangalia hapo usoni, kwenye mafenesi yote yale, na hakucheka. Akasema, "Kaka, baki na gari." Basi. Wakapanda pikapu ya matarumbeta, wapulizaji wakawapa nafasi, Msamvu nzima ikalipuka kwa vigelegele, na bibi harusi wetu akaenda kanisani amesimama nyuma ya pikapu, amemshika mjomba wake kiunoni asianguke.

Nilibaki na trafiki, mwanamama mmoja mwenye sauti ya chini. Alinizunguka mara moja.

"Wewe ndiye bwana harusi?"

"Hapana afande. Kaka wa bibi harusi."

"Na hicho kichwani?"

"Fenesi, afande."

Watu wakaangua kicheko, simu zinarekodi, hapo ndipo ilipopatikana ile sehemu mnayoipenda. Yeye hakucheka. Aliinama akachungulia ndani ya gari, kwenye dashibodi, ile taa ya njano bado inawaka. "Hii inamaanisha nini?"

Ningeweza kumdanganya. "Inamaanisha nimeizima, afande."

"Ukiwa na bibi harusi ndani?"

Alinishikilia pale kwa haki yake, maelezo, vipimo, gari kuvutwa kutoka kwenye maua, na muda wote huo mbali kidogo nilisikia kengele ya kanisa. Mdogo wangu aliapa kiapo chake mimi nikiwa Msamvu najikuna utomvu. Kaka pekee aliyekuwa naye hakuwepo. Nilifika kanisani watu wanatoka, wamesimama kwenye ngazi wanapiga picha, na kwenye picha zote za kanisani za harusi ile hamtaniona.

Bosi alikuwepo. Nikampa ufunguo kwa mikono miwili, nikamweleza tope, switchi, kipilefti. Aliliangalia bampa lililochanika kwa muda. "Kuizima kwenye tope, hata mimi ningeizima," akasema. "Lakini mimi nimekuwa na gari hili muda mrefu, na barabarani siizimi hata kukiwa kukavu. Wewe ulikuwa unamwonyesha nani?" Akatia ufunguo mfukoni, akarudi kwa maharusi.

Jioni ukumbini nilikaa meza ya mwisho karibu na jiko, nimeoga kwa mafuta ya kula na sabuni (utomvu wa fenesi hautoki kwa maji, kwa faida yenu), nasubiri sherehe iishe. Mshereheshaji akamwita Mjomba aseme neno. Mjomba akasimama, akakikataa kipaza sauti, watu wakanyamaza wenyewe. Aliwashukuru wakwe, akawaomba radhi kwa fenesi lililopungua, watu wakacheka, na mimi nikajua sasa zamu yangu imefika. Akaniita nisimame. Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, na nilikuwa nimeshakubali.

"Mimi ni mtu wa rozari," Mjomba akasema, bila hasira yoyote. "Sala sipungukiwi. Lakini gari lile lilipoanza kuzunguka, nilikosa la kuomba. Nikitaka kusema Mungu mwokoe huyu, namwona na yule. Dada yangu hakuacha mwingine. Nyumba nzima ya mama yetu ilikuwa ndani ya gari moja dogo halina hata milango ya nyuma. Nikamwambia Mungu, usinichagulishe." Akaikunja rozari kiganjani. "Akanisikia. Lakini Beno, usinirudishe tena mbele yake na ombi kama lile."

Halafu akakaa. Skola alikuwa analia, akaniita kwa kidole, nikatembea ukumbi mzima na harufu yangu ya fenesi, nikapiga magoti pale kati yake na Mjomba, na hakuna aliyerekodi.

Kwa hiyo chekeni, video ipo, mtumiane. Mimi siku hizi nikishika usukani wa gari lenye switchi ile, nikiizima kwa tope naiwasha hapo hapo tope linapoishia, na wakianza kunishangilia barabarani napunguza mwendo. Wapige kelele wanavyotaka. Mimi nimebeba watu.